Aliporudi Kwa Mumewe, Mashabiki Wakasema Ilikuwa Kiki

Kila mwenye bando aliiona ile laivu. Saa nane usiku, mwigizaji mmoja wa Bongo Movie, yule mwenye sauti ya upole ambaye kila filamu anapewa nafasi ya mke mwema, alifungua kamera akiwa amekaa sakafuni chooni. Amevaa miwani ya jua. Usiku wa manane, ndani ya nyumba, chooni, na miwani nyeusi usoni. Alikaa hewani dakika nne tu. Hakusema kapigwa. Alichosema ni kwamba yuko sawa, watu wasiwe na wasiwasi, na tafadhali waache kumtukana mume wake kwa zile tetesi za wiki nzima, maana "hamjui sisi tumetoka wapi". Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mlango unagongwa. Haugongwi kwa fujo. Unagongwa taratibu, kama mtu mwenye muda wote duniani. Kisha laivu ikakatika.

Kufika asubuhi imeshafutwa, lakini bongo hakifutiki kitu. Skrinshoti zilikuwa zimeshafika mpaka kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo, yale ya michango ya harusi na misiba. Wasanii wenzake wakaposti picha yake kwa rangi nyeusi na nyeupe utadhani kafariki. Wengine wakaanza kulitafuta duka la mume Kariakoo. Kwa siku kama tatu hivi mji mzima ulikuwa upande wa dada.

Wiki mbili baadaye ikaja picha nyingine. Hoteli ya ufukweni Nungwi, wote wamevaa nyeupe, mume kamshika kiuno, na maneno chini yake: wenye wivu wajinyonge.

Hapo ndipo huruma ilipokauka. Tumepigwa, watu waliandika. Kumbe tamthilia mpya inakuja, dada alikuwa anatafuta kiki. Tumelia bure. Na moja ambayo ilibebwa na laiki kuliko zote: "Siku akiuawa asitusumbue."

Kuna mtu aliiandika sentensi hiyo, akaisoma, akaona iko poa, akatuma. Na maelfu wakaipigia makofi.

Sasa tuseme ukweli ambao hauna raha. Ile picha ya Nungwi haikuthibitisha kwamba laivu ilikuwa ya uongo. Kwa mtu yeyote anayejua kipigo cha ndani kinavyokwenda, ile picha ndiyo ilitakiwa imtie hofu zaidi. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Lenore Walker, baada ya kuzungumza na wanawake wengi waliopigwa na waume zao, aliandika kitabu kinachoeleza mzunguko unaojirudia. Kwanza hewa ya nyumba inakuwa nzito, mke anatembea kwa vidole. Halafu kinanuka. Halafu inakuja asali: msamaha, machozi, zawadi, safari, simu mpya. Wapo wataalamu waliomkosoa baadaye kwamba si kila nyumba inafuata mstari huo, na ni kweli, kuna wanaume hawaombagi hata msamaha. Lakini nani mjini hapa hajawahi kuiona hiyo asali? Maua mekundu ofisini kwa mtu ambaye juzi alikuja kazini kachelewa na shingo imefungwa skafu wakati wa joto la Januari. Wenzake wanapiga picha maua, wanaandika "mume bora".

Watu wanapenda kuuliza kwanini hakuondoka. Swali hilo linaulizwa kana kwamba mlango uko wazi na mtu ni mvivu wa kutembea. Mwigizaji huyu, kwa wale wanaomfuatilia siku nyingi, alikuwa ameanza kupungua mwaka mzima kabla ya ile laivu. Kwanza aliacha kuposti picha na waigizaji wa kiume. Mashabiki wakasema ndoa imemtuliza. Halafu akajitoa kwenye tamthilia iliyokuwa inampa hela, kwa maelezo kwamba anataka muda na familia. Shoga yake wa damu, waliyekuwa wanashonesha sare kila Idi, akatoweka kwenye picha zake bila ugomvi wowote kutajwa. Namba ya simu ikabadilika mara mbili. Posti zikaanza kuandikwa kwa mtindo usiokuwa wake, alama za mshangao nyingi, sifa nyingi za "king wangu". Waliokuwa wanampa matangazo ya biashara wakaambiwa malipo yaende namba nyingine, yenye jina la mwanaume.

Hakuna hata kofi moja kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Watu wanadhani unyanyasaji unaanza siku jicho linapovimba, wakati jicho likishavimba kazi kubwa ilishafanyika zamani: mtu ameshaondolewa marafiki, hela, simu, na ujasiri wa kusema. Ngumi inakuta nyumba imeshafungwa madirisha.

Na hapa vijana wa mjini wana kesi ya kujibu, kwa sababu nusu ya hayo mambo wameyapa jina la mapenzi. Kushea lokesheni saa ishirini na nne, mapenzi. Kubadilishana paswedi, uaminifu. Kupigiwa video koli ya ghafla uzungushe kamera chumba kizima, wivu mtamu. Kuulizwa kwanini ulikuwa onlaini saa sita na hukujibu, anajali. Kuna binti wa chuo mmoja aliyewahi kusimulia kwenye spesi kwamba bwana wake alikuwa anahesabu dakika za daladala kutoka Ubungo mpaka Mwenge, akizidisha anaulizwa alishuka wapi. Wasikilizaji wakacheka, mmoja akamwambia ana bahati, wengine hata meseji ya asubuhi hawapati. Binti naye akacheka. Lakini mtu anayehesabiwa dakika za foleni ya Dar, foleni ambayo hata Mungu pekee ndiye anaijua, hapendwi. Anachungwa.

Si kwamba kila mwenye wivu ni mpigaji, hapana. Wivu upo, na wapenzi wanagombana, wanarushiana maneno, wanachuniana siku tatu, wanarudi. Tofauti iko kwenye woga. Kwenye ugomvi wa kawaida wote wawili wanakasirika. Kwenye unyanyasaji mmoja anakasirika na mwingine anaogopa, na yule anayeogopa anaanza kupanga maisha yake yote kwa kukwepa hasira ya mwenzake: anapika mapema, anafuta meseji za binamu yake, anakataa dili, anaangalia uso wa mtu kabla ya kuongea. Ukiona rafiki yako anasoma uso wa mpenzi wake kabla ya kujibu swali ulilomuuliza yeye, umeshaona kitu.

Wapo pia wanaume wanaofanyiwa hivi na wake zao, wanakaa kimya kwa sababu wakisema wanachekwa mpaka na polisi. Komenti za "mwanaume gani anapigwa" ndizo zinazowafungia ndani. Hilo halipunguzi ukubwa wa tatizo kwa wanawake, ila lisemwe.

Maana ukubwa wenyewe unatisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Wanne kati ya kumi. Kwenye kichen pati ya wageni mia moja, hesabu mwenyewe meza ngapi. Utafiti huohuo ukauliza kama mume ana haki ya kumpiga mke kwa sababu fulani, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Asilimia 58 ya wanawake walikubali angalau sababu moja. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Yaani wanaopigwa wanakihalalisha kipigo kuliko wapigaji. Hiyo haijatoka hewani. Imefundishwa, na walimu wake wanapendwa sana: mama, shangazi, somo, mchungaji, shehe, kungwi wa kichen pati anayelipwa laki kadhaa kumwambia bibi harusi kwamba mambo ya ndani hayaendi nje. Ndoa ni kuvumilia, mwanangu. Hata baba yako alikuwa hivyohivyo, mbona leo katulia. Anaambiwa na mama yake mzazi, huyo anayejua kabisa kilichomtuliza baba ni kisukari na uzee.

Kuna kitu ambacho kungwi hasemi, na pengine hajawahi kuambiwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Mwaka 1971! Wazazi wa wengi wanaosoma hapa walikuwa hawajazaliwa au walikuwa wanatambaa. Kwa hiyo ile hoja ya "haya mambo ya haki yameletwa na wazungu na Instagram" ipelekwe mbali. Sheria ilishasema zamani, watu ndio wamegoma kuisikia.

Sheria hiyohiyo ina kifungu cha 160, ambacho kinawahusu sana wale wa sogea tukae. Mwanamke na mwanaume wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawatambua kama mke na mume, mahakama inaweza kuwachukulia kama wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na kuhusu mali, tangu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ilishatambua kwamba kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Kupika, kulea, kufua, kutunza nyumba, vyote hivyo vinahesabika. Haimaanishi utagawiwa nusu kwa nusu. Ila yule anayeambiwa kila usiku kwamba akitoka atatoka na nguo alizovaa tu, kwa sababu hana alichochangia, anadanganywa. Hofu ya kutoka mikono mitupu imewaweka wengi ndani kuliko mapenzi yoyote.

Sasa, mwigizaji wetu. Hela alikuwa nazo, jina analo, wafuasi kibao. Wengi wakasema huyu hana kisingizio, siyo mama wa kijijini asiye na nauli. Jibu la hilo liko kaskazini kidogo tu. Agnes Tirop wa Kenya alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani kwa mbio za wanawake peke yao Septemba 2021. Oktoba mwaka huohuo alikutwa nyumbani kwake Iten, amechomwa kisu, na mumewe akafikishwa mahakamani kwa mashtaka ya mauaji. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya Olimpiki Paris Agosti 2024. Septemba 5 alifariki hospitalini Eldoret kwa majeraha ya moto, baada ya kumwagiwa petroli nyumbani kwake Trans Nzoia na mwanaume aliyekuwa mwenza wake. Hawa walikuwa na medali, na mali walizozipata kwa miguu yao wenyewe. Hela haikuwakinga, na mara nyingine hela ya mwanamke ndiyo inayogombaniwa.

Watu wanaofanya kazi na waathirika, kuanzia Dar mpaka Nairobi, wanarudia jambo moja ambalo mashabiki hawalijui: muda wa kuondoka ndio muda wa hatari zaidi. Mpigaji anapohisi kwamba mtu anamponyoka, ndipo anapofanya lile ambalo hakuwahi kufanya. Kwa hiyo yule dada aliyetoka laivu akasema niko sawa, muacheni mume wangu, inawezekana kabisa alikuwa anaongea na mtu mmoja tu, yule aliyekuwa anagonga mlango. Na watu laki mbili wakadhani anaongea nao.

Kuna mtu mmoja ambaye hakudhani hivyo. Mpambaji wake. Msichana wa Sinza, mdogo kiumri, ambaye kazi yake ni kumpaka poda kabla ya shuti na kabla ya harusi za watu. Huyu hakuposti kitu chochote wakati wa lile vumbi, mpaka mashabiki wakamtukana kwamba ni mnafiki. Baadaye ikajulikana alikuwa ameanza kuona mambo miezi mingi nyuma, kwa sababu mtu anayekupaka uso unamficha nini? Siku moja alikuta alama shingoni, pande zote mbili, kama vidole.

Hapa mtu asimame kidogo, maana shingo si sehemu ya kawaida. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulikuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenza wake ana uwezekano wa zaidi ya mara saba wa kuja kuuawa na mwenza huyo. Na mara nyingi kukabwa hakuachi hata alama inayoonekana. Sauti inakwaruza, kumeza kunauma, macho yanakuwa na vidoa vyekundu, basi. Mtu anayekwambia "alinikaba kidogo tu" hajakwambia jambo dogo. Huyo anatakiwa kwenda hospitali hata kama anatembea na kucheka, kwa sababu madhara ya koo yanaweza kuja baadaye.

Mpambaji hayo ya utafiti hakuyajua. Alichofanya ni kupaka poda kimya kimya, akasubiri wabaki wawili, akamwambia: "Dada, hii sijaiona bahati mbaya. Siulizi. Ila ukihitaji pa kufikia, saa yoyote, kwangu simu haizimwi."

Dada alikasirika. Akamwambia asijione daktari, alijigonga kwenye kabati. Wiki mbili hakumpa kazi.

Wengi wetu tungeishia hapo. Nimejaribu kumsaidia, kanitukana, akome. Ndio mwisho wa urafiki wa mjini. Lakini yule binti hakuuchukulia ule ukali kama tusi. Akaendelea kutuma vichekesho vya TikTok, salamu za asubuhi, picha za nguo, mambo ya kipuuzi ambayo mtu yeyote akishika ile simu haoni kitu. Hakuwahi kuandika "vipi kakupiga tena?" kwenye meseji, na hilo peke yake ni akili kubwa, kwa sababu simu ya anayepigwa mara nyingi ina wasomaji wawili.

Dada alipoanza kuongea, miezi baadaye, aliongea kwa sababu kulikuwa na mtu ambaye hakuwa amempa sharti. Wazazi walikuwa wamempa sharti: urudi uombe msamaha. Mashoga nao walikuwa na lao: ukirudi kwake usitupigie tena. Unaona? Huyu anamwambia rudi, wale wanamwambia ondoka, na wote, pamoja na mume, wanamwamulia. Mtu ambaye kwa miaka miwili hajaamua hata rangi ya kucha, akikutana na mwokozi anayempangia tena, anaona kahama bosi tu.

Walichopanga wawili hao hakikuwa cha filamu. Begi dogo likakaa Sinza. Ndani yake nakala ya cheti cha ndoa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, nguo mbili, hela kidogo iliyokuwa inatolewa kwa mafungu kama hela ya vipodozi. Neno la siri: akituma "nataka ile rangi ya zambarau", maana yake aitiwe gari haraka, bila kuuliza. Picha za majeraha zilikuwa zinapigwa kwa simu ya mpambaji na kuhifadhiwa kwake, si kwenye simu ya dada. Na ile laivu? Ile haikuwa kwenye mpango. Ilimponyoka usiku ule baada ya simu ya kawaida kunyang'anywa, akabaki na simu ya kazi yenye akaunti imefunguliwa. Alichotaka ni macho ya watu tu, kwamba mtu akijua anaangaliwa atatulia. Na alitulia. Ndiyo maana mlango uligongwa taratibu.

Safari ya Nungwi ilikuwa asali, na alienda kwa sababu kukataa kungekuwa hatari kuliko kukubali. Maneno ya "wenye wivu wajinyonge" hakuyaandika yeye.

Ikumbukwe watu waliokuwa wanamtumia matusi wakati huo walikuwa wanafanya kazi ya mume bure. Kila komenti ya "ulitudanganya" ilikuwa inasomwa kwa sauti sebuleni: unaona, hakuna anayekuamini, una mimi tu. Na kurasa za udaku, zinazoishi kwa mambo haya, zilirusha ile sura yenye miwani mara kumi kwa siku na mishale myekundu. Zote, kubwa kwa ndogo. Nani alijiuliza mtoto wa yule dada anasoma shule gani na wenzake wana simu?

Aliondoka siku ya Jumanne, mchana, mume akiwa dukani. Rangi ya zambarau. Hakwenda moja kwa moja kwa mpambaji, maana huko pangejulikana; alipita polisi kwanza, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Madawati haya yapo kwenye vituo vingi sasa, na kuna hospitali zenye kituo cha mkono kwa mkono ambapo daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja, ili mtu asisimulie kilekile mara nne kwa watu wanne. Pale polisi ndipo unapopewa PF3, ile fomu ya matibabu inayokuja kuwa ushahidi. Watu wengi wanaenda dukani kununua dawa za maumivu, wanapona, halafu mwaka mmoja baadaye wanataka talaka na hawana karatasi hata moja. Na aliyelazimishwa tendo la ndoa afike hospitali ndani ya saa 72, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina muda wake.

Isionekane kama kila kitu kilikwenda kama siagi. Askari wa kwanza aliyemkuta mapokezi alimtambua, akaomba selfi. Selfi! Wa pili akauliza kama hawajajaribu kuyamaliza kifamilia. Ilibidi mpambaji aseme kwa adabu, "Afande, samahani, tunaomba tumwone wa dawati," na alipotoka yule mama wa dawati mambo yakabadilika. Kwenda na mtu kuna maana hiyo. Aliyepigwa akiulizwa swali la kijinga ananyamaza na kurudi nyumbani. Aliyemsindikiza hanyamazi. Mashirika kama TAMWA, TAWLA na WiLDAF yamekuwa yakisaidia wanawake kwenye kesi za namna hii kwa miaka mingi, na msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo upo kisheria tangu 2017. Kwa watoto, namba 116 ni ya bure. Wale wa Kenya wana 1195.

Ndoa bado iko kwenye hatua ya baraza la usuluhishi, kwa sababu kabla ya kuomba talaka mahakamani sheria kwa kawaida inataka wanandoa wapite huko kwanza. Mume ametafuta mwanasheria mzuri, na ana haki hiyo. Kesi itasema yake.

Wakati huohuo mume anaendelea kualikwa kwenye uzinduzi wa bidhaa, anakaa meza ya mbele, mapromota wanampigia makofi kwa jinsi anavyotoa michango. Mmoja wao alipoulizwa na mashabiki alijibu kwamba yeye ni mtu wa biashara, mambo ya ndoa za watu hayamhusu. Sawa. Ila promota huyohuyo aliwahi kumwondoa dansa kwenye ziara kwa sababu alichora tatuu inayoonekana, akisema lazima kulinda heshima ya jukwaa.

Dada amerudi kufanya kazi, kidogo kidogo. Hajaeleza kitu mtandaoni na pengine hatoeleza. Mashabiki wanadai maelezo, wanasema walimlilia kwa hiyo wana haki ya kujua mwisho wa stori. Wengine bado wanaandika kiki kila anapoposti sabuni anayotangaza. Hajawabloku. Shoga yake wa sare za Idi ameonekana tena kwenye picha moja, kwa nyuma, amekata kachumbari.

Mpambaji wa Sinza ana wateja wapya watatu waliompata kwa njia isiyo ya kawaida. Hawaulizi bei ya harusi. Wanamuuliza kama kweli simu yake haizimwi usiku.